Homa ya mafua: Tuogope lipi, tupuuze lipi?

Kila redio inapotangaza kwamba ndege wanakufa kwa wingi katika nchi fulani ya mbali, au kwamba ng'ombe wa Marekani wamepatikana na virusi vya mafua kama ilivyotangazwa Machi 2024, mjini Kakamega huzuka makundi mawili ya watu. La kwanza ni la wale wanaokimbilia duka la dawa kununua tembe zozote zile. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni la wale wanaocheka na kuuliza: Mafua? Tangu lini mafua yakamuua mtu?

Makundi yote mawili yamekosea, ingawa si kwa kiasi sawa.

Tuanze na hilo la wacheshi. Neno lenyewe ndilo lililotuponza. Sisi huita mafua kila kitu kinachotufanya tupenge kamasi. Mtoto akinyeshewa na mvua ya alasiri, ambayo hapa Kakamega haimnyimi mtu, kisha akaamka akipiga chafya, tunasema ni mafua. Mtu mzima anayeangushwa kitandani kwa wiki nzima na joto kali, maumivu ya viungo na kikohozi kikavu, naye pia tunasema ana mafua. Haya ya pili ndiyo influenza, na yana virusi vyake maalum. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya kawaida, ile ya kila mwaka ambayo haitangazwi na redio yoyote, huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa mwaka.

Tatizo la virusi hivi ni kwamba hubadilika sura. Mwili uliovizoea mwaka jana huenda usivitambue mwaka huu. Mara nyingi mabadiliko huwa madogo. Lakini mara moja moja virusi vya ndege au vya nguruwe huchanganyika na vya binadamu, kikazuka kitu kigeni kabisa, na hapo ndipo dunia nzima huugua kwa pamoja. Imetokea hivyo 1918, 1957, 1968 na 2009. Hakuna mtaalamu awezaye kukutajia mwaka wa mkurupuko ujao. Akitokea wa kukutajia, usimwamini.

Ule wa 1918 ulifika kwetu. Uliingia Mombasa kwa meli mnamo Septemba, na katika mkoa wa Pwani pekee, rekodi za serikali ya kikoloni zinaonyesha vifo zaidi ya 4,500 kufikia Machi 1919. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, kwa hivyo njia ya kuuleta huku ilikuwa tayari. Aidha, ulikuja wakati mbaya. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vikimalizika, na wanaume waliochukuliwa kwa maelfu kulibebea jeshi la Waingereza mizigo walikuwa wakirejea makwao wakiwa wamekonda na kuchoka. Jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps kwa jina lake la Kiingereza, ndilo lililozaa jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wakati huo hata Kakamega haikuwa makao makuu ya wilaya. Yalikuwa Mumias hadi 1920. La kutisha ni kwamba ugonjwa huo haukuridhika na vikongwe na watoto wachanga. Uliwafyeka vijana wenye nguvu zao. Duniani kote inakadiriwa uliua watu milioni 50.

Mkurupuko wa 2009, ulioitwa homa ya nguruwe, ulitukaribia zaidi ya wengi wanavyokumbuka. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Kenya hakupatikana Nairobi wala Mombasa. Alipatikana Kisumu mwishoni mwa Juni mwaka huo, naye alikuwa mwanafunzi Mwingereza aliyekuja na wenzake. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni mwendo wa kama kilomita 50, na manamba wa matatu haulizi abiria cheti cha afya. Virusi vilisambaa nchini, ila havikuwa vikali kama ilivyohofiwa, wakazuka watu wakadai kwamba tulitishwa bure. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Anayefunga mlango usiku na mwizi asije, halalamiki kwamba kufuli lilimpotezea pesa.

Tena si kweli kwamba sisi wa huku hatukuwa tukitazamwa. Katika miaka hiyo, hospitali kuu ya Kakamega ilikuwa miongoni mwa hospitali za mikoa zilizochukua sampuli kutoka kwa wagonjwa waliolazwa kwa matatizo ya kupumua, zikapelekwa kupimwa ili ijulikane ni virusi gani vinavyozunguka. Kupanguswa pua mgonjwa wa Kakamega kulisaidia kuijulisha dunia nzima.

Halafu ikaja korona. Juni 2021 serikali iliziwekea kaunti 13 za magharibi na kanda ya ziwa, Kakamega ikiwamo, amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na mazishi yakatakiwa kufanywa chini ya saa 72. Kwa jamii ambayo hukesha na maiti wake siku kadhaa, waombolezaji wakija kutoka kila pembe, hilo lilikuwa pigo linalokumbukwa hadi leo. Korona si influenza, lakini safari zake ni zilezile: pumzi, chafya, mikono, na umati uliofungiwa pamoja.

Na sasa kuku. Hapa hofu hugusa mfuko wa akina mama. Kuku kwa Mluhya si kitoweo tu. Ni heshima ya mgeni, ni karo ya shule, na firigisi yake ina mwenyewe, ambaye ni baba mwenye boma. Uvumi wa homa ya ndege ulipoenea miaka ya 2005 na 2006, watu wengi waliacha kula kuku na wafugaji wakapata hasara kubwa, ilhali hakuna kuku hata mmoja wa Kenya aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huo. Januari 2017 ulithibitishwa Uganda, ambako ndege wa porini walipatikana wamekufa kando ya Ziwa Victoria huko Lutembe, karibu na Entebbe, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka huko. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huko Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliambukizwa na 6 wakafa. Serikali ikachinja kuku zaidi ya milioni moja.

Hata hivyo, virusi hivyo vya ndege havijajifunza kuambukizana kwa urahisi kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo huna haja ya kuwaogopa kuku wako wazima. Nyama iliyoiva sawasawa na yai lililochemshwa likaiva havina hatia. Hatari imo katika ile tabia yetu ya kumwahi kuku mgonjwa kwa kisu kabla hajafa, ili asipotee bure. Anayemchinja, kumnyonyoa na kumtoa matumbo ndiye aliye hatarini kuliko anayemla. Mara nyingi kuku wanaokufa kwa mkupuo huwa wameuawa na ugonjwa wa Newcastle, ambao una chanjo na haumtishi binadamu sana. Lakini kwa macho tu huwezi kutofautisha. Mwite afisa wa mifugo, uzike mizoga, na usiwapeleke waliobaki sokoni ukamwachia mwenzako msiba.

Nimesema wale wanaokimbilia duka la dawa nao wamekosea. Viuavijasumu, kama vile amoksilini, haviui virusi vya mafua. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni letu sote. Katika nchi yenye mbu kama hii yetu, joto la mwili likipanda tunasema malaria. Mtoto hupewa dawa ya malaria iliyobaki juu ya kabati, akangojewa siku mbili, tatu, na kumbe ni mafua yaliyokwisha kushuka kifuani yakawa nimonia. Siku hizo mbili au tatu ndizo zinazoua. Malaria hupimwa kwa tone la damu ya kidole, usiikisie.

Nimonia nayo unaweza kuishuku ukiwa nyumbani. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua umhesabie pumzi kwa dakika moja nzima kwa kutumia saa. Wa chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hadi mwaka mmoja akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, usingoje kupambazuke. Vivyo hivyo akiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anakataa kunyonya, au analegea. Na tafadhali, usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka ati avute mvuke. Anaweza kuungua vibaya.

Kwa watoto wachanga, hakikisha wamepata chanjo ya nimonia, ambayo Kenya iliianzisha 2011. Chanjo ya influenza yenyewe haimo katika orodha ya kawaida ya kliniki zetu za watoto, kwa hivyo mwenye mimba, mzee au mwenye pumu na aulize hospitalini kama anaweza kuipata na kwa bei gani. Kwenye matatu, hata mvua ikinyesha, mwombe aliye dirishani aache upenyo kidogo. Atanuna, lakini nyote mtavuta hewa safi.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa vya kazi. Kama hujui anayehudumia upande wenu, muulize mzee wa mtaa, kisha uandike nambari yake ya simu mahali ambapo hata mtoto anaweza kuiona usiku.