UFUTA WA KUSINI NA SOKO LA LOSHENI

Ufuta wa Nachingwea na Ruangwa huuzwa kwenye minada ya ushirika wa RUNALI, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania ni China, anayeutaka kwa chakula. Je, vipodozi vinaweza kuwa soko la pili?

Mafuta ya ufuta hulainisha ngozi vizuri. Lakini losheni nyingi za dukani hutumia mafuta yatokanayo na petroli: ni ya bei nafuu, hayana harufu, hayachachi. Ya ufuta huchelewa kuchacha, lakini huchacha.

Kuchanganya manukato na maji ni kazi ambayo ufuta hauiwezi. Hufanywa na vimumunyishaji vya kiwandani, kama kile kinachoandikwa PEG-40 kwenye chupa, ambacho chanzo chake ni mafuta ya nyonyo.

Anayetaka kukamua ahesabu kwanza. Mbegu ina mafuta karibu asilimia 50, na mashine ndogo haiyatoi yote; kilo moja ya mafuta humeza zaidi ya kilo mbili za ufuta, kwa bei ya mnada. Tangu 2019, vipodozi viko chini ya TBS.