KURA YA KUTOA SINGO ZA QUEEN: KWA NINI KIBAO KIKALI KINAWEZA KUTOKA MAPEMA

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee muziki na kura. Najua Mwanza tunaitwa Rock City kwa sababu ya mawe, siyo kwa sababu ya magitaa. Ila kuna bendi moja ya rock ya Uingereza ambayo sisi Watanzania tuna haki ya kuibishania kuliko wengi: Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Bendi ilianza London mwaka 1970, na jamaa akafariki Novemba 1991.

Sasa mashabiki wa bendi za namna hii wana mchezo wao. Wanaorodhesha singo zote, halafu wanapiga kura raundi kwa raundi. Kila raundi wimbo mmoja unatoka, mpaka unabaki mmoja. Wa kwanza kutoka anashika mkia, wa mwisho kubaki ndiye bingwa. Mchezo mtamu, na ubishi wake siyo wa kawaida.

Swali langu ni hili: huyo bingwa ndio wimbo unaopendwa kuliko zote? Jibu: siyo lazima. Na ukishajua sababu yake, hutapiga kura tena macho yamefumba, iwe ya muziki, ya mashindano ya TV au ya kumchagua monita wa darasa.

KURA MBILI, SURA MOJA

Kuna KURA YA KUTOA. Hapa unataja wimbo usioutaka, na uliotajwa na watu wengi unaenda nyumbani. Halafu kuna KURA YA KUBAKISHA. Hapa unataja unaoupenda, na wenye kura chache ndio unatoka. Big Brother Africa ilipoanza mwaka 2003 watazamaji walikuwa wanapiga kura ya kumtoa mshiriki, misimu ya baadaye ikageuzwa ikawa ya kumwokoa. Wengi wetu tukaona ni kitu kile kile. Hapana bwana.

Fikiria watu wawili wameenda Mwaloni Kirumba kununua samaki. Mmoja anaweka pembeni kila mwenye dosari mpaka abaki na mmoja mkononi. Mwingine anatafuta sato mnono kuliko wote. Wa kwanza atarudi nyumbani na samaki asiye na kasoro, lakini hakuna aliyemwambia kuwa huyo ndiye mnono.

TUPIGE HESABU

Tuseme tuko watu 30 na singo zimebaki tatu: Bohemian Rhapsody (1975), Another One Bites the Dust (1980) na Radio Ga Ga (1984). Huu ni mfano tu, msije mkanishukia. Watu wamegawanyika hivi:

- Watu 12: wanapenda Bohemian, kisha Radio, mwisho Another One.
- Watu 11: wanapenda Another One, kisha Radio, mwisho Bohemian.
- Watu 7: wanapenda Radio, kisha Bohemian, mwisho Another One.

Tuanze na kura ya kutoa. Another One inapata kura 19 za kutolewa (12 na 7), Bohemian 11, Radio sifuri. Another One nje. Raundi ya pili, watu 12 wanaitoa Radio, lakini 18 wanaitoa Bohemian. Bingwa ni RADIO GA GA.

Sasa watu wale wale, nyimbo zile zile, kura ya kubakisha. Bohemian 12, Another One 11, Radio 7. Radio inatoka ya kwanza kabisa! Wale saba wanahamia Bohemian, inashinda 19 kwa 11. Bingwa ni BOHEMIAN RHAPSODY.

Umeona mambo? Hakuna aliyebadilisha mawazo, hakuna aliyeiba kura. Kilichobadilika ni swali tu, na wimbo uliokuwa bingwa umeshika mkia.

KIBAO KIKALI KINA MAADUI

Kura ya kutoa haipimi mapenzi, inapima chuki. Na wimbo mkubwa siku zote una wapinzani wake. Bohemian Rhapsody ilikaa namba moja Uingereza wiki 9, na ilipotolewa tena mwaka 1991 ikarudi namba moja. Lakini ina karibu dakika sita, haina kiitikio, na katikati inageuka kuwa opera. Wapo wanaoisikiliza machozi yakiwatoka, na wapo wanaosema tumeichoka. Hawa wa pili ndio wenye nguvu kwenye kura ya kutoa. Wimbo ambao hakuna anayeufia wala anayeuchukia unapita kimya kimya mpaka fainali.

Halafu kuna ujanja. Kama mimi ni mtu wa Another One, kibao cha mpiga besi John Deacon, sina sababu ya kupoteza kura kwa Keep Yourself Alive, singo yao ya kwanza ya mwaka 1973 ambayo haikuingia hata kwenye chati. Hiyo itatoka yenyewe. Kura yangu naipeleka kwa Bohemian mapema, kabla haijafika fainali. Tukiwa wengi wenye akili hiyo, wakali wanauana wenyewe kwa wenyewe raundi za mwanzo.

HATA OLIMPIKI IMEWAKUTA

Kura ya kubakisha nayo ina maajabu yake. Julai 2005 kule Singapore, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walichagua mji wa kuandaa michezo ya 2012 kwa mtindo huo. Raundi ya pili Madrid iliongoza kwa kura 32, London 27, Paris 25, New York 16. New York ikatoka. Raundi ya tatu kura zikajipanga upya: London 39, Paris 33, Madrid 31. Aliyekuwa anaongoza akatoka nje! London ikaja kuifunga Paris 54 kwa 50. Somo: kuongoza katikati ya safari hakutoshi, lazima uwe pia chaguo la pili la wale watakaotolewa.

NA SISI WA KAFE JE?

Hapa ndipo panauma. Unalipia muda wako kafe, unafungua ukurasa wa kura, unaambiwa "umeshapiga kura". Lini? Ni kwamba kompyuta zote za kafe moja kwa kawaida zinatoka nje kwa anwani moja ya intaneti. Tovuti inayohesabu watu kwa anwani inaona kafe nzima kama mtu mmoja. Akitangulia mmoja, wengine mmekula hasara. Hata kwenye simu, wateja wengi wa mtandao mmoja wanaweza kutumia anwani moja. Wakati huo huo, mtu mwenye kompyuta, simu na ujanja kidogo anapiga kura hata mara tano. Kwa hiyo ukiambiwa "mashabiki wa dunia nzima wamechagua", uliza kwanza nani alihesabiwa.

MKITAKA KUFANYA YENU

Washkaji wanne watano mnatosha, na karatasi zinatosha. Kubalianeni mapema: ni kura ya kutoa au ya kubakisha, zinatoka ngapi kila raundi, na kura zikilingana mnafanyaje. Waliopiga raundi ya kwanza ndio wapige mpaka mwisho, maana wakibadilika watu, na bingwa anabadilika. Kama mnataka haki zaidi, kila mtu aandike orodha yake yote kuanzia anaoupenda mpaka asioutaka, kisha mhesabu kwa njia zote mbili. Bingwa akiwa yule yule, hapo hakuna ubishi. Wakiwa wawili tofauti, basi angalau mmejua mnabishania nini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Tajeni singo moja ya Queen mnayoitoa na moja mnayoibakisha, tuone kama majibu yatafanana. Mimi naibakisha Bohemian, na ninayoitoa siisemi, msije mkanivizia Makoroboi.

Naomba kuwasilisha.