Kijana Anapotaka Upondo Mrefu Zaidi



Wavuvi wetu wa Gazi na Msambweni wanaujua upondo tangu utotoni. Maji yanapokuwa haba ndani ya mwamba, mtu husimama chomboni akasukuma kwa mti huo. Maji yakijaa, upondo mfupi haufiki chini, naye hutafuta ulio mrefu zaidi. Na nani aliyekulia pwani asiyepata kumcheka mtu ambaye upondo wake ulinasa topeni, mtumbwi ukaenda zake, naye akabaki ananing'inia mtini? Mti mrefu una faida yake, lakini una hila zake pia.

Kwa hivyo mama mmoja wa Msambweni aliponijia na habari ya mwanawe, sikulidharau swali lake. Kijana yuko kidato cha tatu, huruka kwa upondo katika riadha ya shule, na sasa ashikilia kwamba ahamie upondo mrefu wanaotumia wakubwa wake. Mama aliuliza mambo mawili: je, mchezo huu unafaa kisharia? Na je, mwanangu hataumia?

Jibu la swali la kwanza halina uzito mkubwa. Kuukaza mwili kwa mazoezi ni jambo la halali, na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na akawaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini. Vitu vya kuangaliwa ni sitara, ni Swala ya Alasiri isipotee uwanjani, na ni madhara. Hili la madhara ndilo linaloturudisha kwa swali la pili, na hapo ndipo penye kazi.

Upondo wa michezo ya leo haukatwi msituni. Hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, na mwingine kwa kaboni, hata ukaweza kupinda kama upinde kisha ukajikunjua. Juu yake huandikwa namba mbili: urefu, na uzito wa mrukaji unaomfaa. Basi pondo mbili za mita 3.66 zaweza kuonekana pacha, ilhali moja ni ya kijana wa kilo 55 na nyingine ya mwenye kilo 70. Nchini Marekani, sheria za michezo ya shule za sekondari hazimruhusu mwanafunzi kutumia upondo ulioandikiwa uzito ulio chini ya uzito wake. Sheria hiyo haikutungwa bure, kwani upondo laini kupita kiasi hupinda mno, na waweza kukatika vipande mtu akiwa hewani.

Upondo mrefu au mgumu kupita kiasi una ubaya wa namna nyingine. Mrukaji hukimbia, huuchomeka upondo katika kisanduku kilichozikwa ardhini, chenye kina cha sentimita 20, na mbio zake zote zikaingia ndani ya mti ule kama amana, nao huirudisha amana hiyo kwa kumrusha juu. Kadiri upondo unavyokuwa mrefu ndivyo unavyodai mbio nyingi zaidi ili usimame wima. Mbio zisipotosha, husimama nusu njia, kisha humrudisha mwenyewe alikotoka, chini kwenye ardhi ngumu ambako hakuna godoro. Hilo ndilo anguko la kuogopwa, kwa sababu mtu huanguka kinyumenyume, hajui mgongo wake waelekea wapi.

Wajuzi wa mchezo huu basi huenda kwa tadriji, na neno hilo si geni kwetu, ambao Kitabu chetu kiliteremshwa kwa muda wa miaka 23 hivi. Kijana hubaki kwanza na upondo ule ule, akapandisha mkono kidogo kidogo, upana wa vidole viwili au vitatu kila mara. Akifika karibu na ncha, na bado anatua katikati ya godoro kwa raha, hupewa upondo wa urefu ule ule lakini mgumu zaidi. Akiuzoea huo pia, ndipo huletewa ulio mrefu. Hata hapo haushiki nchani: huushika kwa kimo kile kile alichokizoea, na ncha iliyobaki huiacha juu ya mikono yake. Wengi husahau hapa kwamba upondo ukishikwa chini ya ncha huwa mgumu kuliko namba yake isemavyo, kwa hiyo siku ya kwanza utamwonea hata kijana hodari. Akitua karibu na kisanduku badala ya katikati ya godoro, jibu limepatikana: arudie wa zamani, na hakuna aibu.

Katika shule nyingi zetu, lakini, hakuna pondo za namba. Kuna mwanzi au mti uliochongwa, na kuna mchanga. Mwanzi si wa kudharauliwa: mwaka 1940 Cornelius Warmerdam wa Marekani aliutumia kuvuka futi 15, yaani mita 4.57, na hapakuwa na mtu aliyewahi kufika hapo kabla yake. Ila mwanzi hupasuka bila kuaga, na magodoro mawili ya bweni yaliyofungwa kamba hayafai kuitwa pa kuangukia. Mvulana wa upondo mfupi huanguka kutoka kimo cha dirisha. Mwanzi ukirefushwa kwa mita nzima, ataanguka kutoka kimo cha paa la makuti, na mchanga haukuongezeka. Mama amwendee mwalimu wa michezo, kwa adabu, amwombe aone pale mwanawe anapotua kabla hajauliza habari ya upondo. Mwalimu mwema hatachukia.

Na mabinti? Nimeulizwa pia. Wanawake waliingizwa katika mchezo huu kwenye Olimpiki mwaka 2000 tu, kule Sydney, na Yelena Isinbayeva wa Urusi alifika mita 5.06 mwaka 2009. Yeye alianza kwa sarakasi za viungo, akaiacha akiwa na miaka 15 kwa kuwa alikuwa amerefuka mno. Binti yetu akiruka kwa vazi la sitara lisilonasa upondo, mbele ya wenzake wa kike na mwalimu wa kike, sioni kizuizi. Wallahu a'lam.

Wanaotazama runinga watanitajia Armand Duplantis wa Uswidi, aliyevuka mita 6.30 huko Tokyo Septemba 2025. Wamtaje pamoja na wazazi wake. Alizaliwa mwaka 1999 na alilelewa Louisiana, ambako nyuma ya nyumba yao palikuwa na njia ya kukimbilia na godoro la kutulia. Baba alimfundisha kuruka, na mama, aliyekuwa mwanariadha, alisimamia mazoezi ya mwili wake. Pondo zake zilirefuka mwaka baada ya mwaka, mbele ya macho ya watu wawili wanaompenda. Bara letu nalo lina Okkert Brits wa Afrika Kusini, aliyefika mita 6.03 mwaka 1995.

Neno moja juu ya Ramadhani. Baadhi ya vijana hupenda kufanya mazoezi baada ya Alasiri, wakiwa na swaumu, ili futari iwakute uwanjani. Mbio nyepesi si neno. Lakini miguu ya mwenye kufunga huwa mizito saa hizo, na tumeona upondo mrefu hudai nini. Wamwachie upondo wake wa zamani mpaka baada ya Idi.