Kuifundisha Programu Kusubiri Swali

Miongoni mwa mada za kompyuta zinazowatatiza wanachuo ni ile ya kuiagiza kompyuta moja iendeshe, kwa niaba ya mtu, programu ya menyu iliyomo katika kompyuta nyingine ya mbali. Programu ya namna hii huonyesha orodha ya kazi zilizopewa namba, kisha humngoja mtumiaji achague. Kazi ikiwa ni ileile kila jioni, yafaa mtu apumzishwe. Wanachuo wengi hudhani kwamba kiini cha mada hii ni kutuma majibu. Sisi twaona kwamba kiini chake ni kusubiri swali.

Chombo mashuhuri cha kazi hii ni Expect, alichokitangaza Don Libes wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani mwaka 1990. Kimejengwa juu ya lugha ya Tcl, aliyoibuni John Ousterhout. Maagizo yake makuu ni manne: spawn huanzisha programu, expect husubiri maneno fulani yatokee, send hutuma jibu kana kwamba mtu ameliandika, na interact humrudishia mtu usukani.

Mwalimu asianze na maagizo hayo, bali na igizo. Mwanachuo mmoja awe kompyuta ya mbali, mwenye kadi za menyu. Mwenzake awe programu, afuate karatasi yake bila kuongeza busara. Karatasi iseme: "Jibu 2, kisha 4, kisha N." Katika Menyu Kuu, 2 ni kufungua orodha ya wanafunzi, katika menyu ifuatayo, 4 ni kuchapisha, na N ni "ndiyo".

Igizo likirudiwa, mwalimu atangulize kadi mpya: "Bonyeza herufi yoyote kuendelea." Sasa 2 itamezwa na tangazo. Namba 4 itaangukia Menyu Kuu, ambako 4 ni kufuta kumbukumbu zote. Kompyuta itauliza, "Una hakika?" nayo programu itajibu N. Darasa zima litaona jinsi madhara yanavyotokea pasipo hata jibu moja kukosewa.

Hapo ndipo karatasi irekebishwe: "Ukiona MENYU KUU, jibu 2." Wanachuo waonywe wasingoje maneno "Chagua namba" peke yake, kwani hayo hutokea katika kila menyu. Kichwa cha menyu ndicho kitambulisho chake.

Jambo la pili ni kimya. Expect isipoelekezwa vingine husubiri sekunde 10. Maneno yasipotokea, na pasipokuwa na agizo la kushughulikia kimya hicho, huendelea na agizo linalofuata kana kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo kila penye kusubiri hapana budi pawe na agizo la kusimama na kutoa taarifa.

Tatu, neno la siri lisiandikwe ndani ya maagizo, kwa kuwa kila awezaye kuyasoma atalipata.

Katika upimaji, haitoshi kuona programu ikifanya kazi siku ya kawaida. Mwalimu abadilishe menyu, au akate mawasiliano, kisha atazame. Programu inayosimama bila kugusa kumbukumbu ndiyo inayostahili alama.