Kitenzi "Kubipu": Maana na Muundo Wake

Miongoni mwa maneno ya mitaani ambayo wafasiri huyakwepa limo hili la "kubipu". Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza "beep", kinachoigiza mlio mfupi wa honi au wa chombo cha umeme. Katika Kiswahili maana hiyo imehama. Kubipu ni kumpigia mtu simu na kuikata kabla hajapokea, ili aione namba na apige yeye. Anayebipu hatozwi hata senti moja.

Kwa upande wa muundo, kitenzi hiki kimefuata kanuni tulizozizoea. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Baada ya sauti za midomo, p na b, maneno ya kukopa aghalabu huongezewa u: pampu, klabu, jibu, haribu. Baada ya t huongezewa i: ripoti, chati. Ndiyo maana twasema "bipu" wala si "bipi". Tena, kwa kuwa hakiishii kwa a, mwisho wake haubadiliki: "habipu", "nibipu", kama vile "hajibu", "nijibu". Katika mnyambuliko twapata bipia, bipiwa na bipiana, kwa mfano wa haribia, haribiwa na haribiana.

Je, kuna hasara gani kulikwepa neno hili? Tuchukulie kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako safari nyingi ni za majini. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu usiku. Mumewe, asiye na salio, anambipu mwenye boti aliyeko Nyamisati. Boti haiji. Baadaye mume anaeleza, "Nilimbipu," naye karani anaandika, "Alimpigia simu." Msomaji wa taarifa hiyo ataamini kwamba mwenye boti alipewa habari akapuuza, kumbe hakuna neno lililosemwa, ilionekana namba tu. Heshima ya mtu, na pengine hukumu, imetegemea kitenzi kimoja.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maelezo ya mashahidi neno hili liachwe kama lilivyotamkwa, na lifafanuliwe mara moja. Katika matangazo ya dharura, ofisi iliyo tayari kurudisha simu na iseme wazi: "Ukiwa huna salio, bipu, tutakupigia." Neno linalotumiwa na wengi, lisilo na kisawe cha neno moja, halistahili kuonewa haya.