Samaki wa Kitangiri: Kazi ya Wawili, Leseni ya Mmoja

Barabara kuu itokayo Singida mjini kwenda Igunga hushuka mlima Sekenke kwa kona kali, kisha hupita Shelui. Kaskazini ya hapo, ndani ya bonde la Wembere, ndiko liliko Ziwa Kitangiri. Abiria wengi wa mabasi ya Mwanza hupita bila kujua kwamba wana ziwa jirani. Hata wenyeji, ukiwauliza mkoa wao unauza nini, watakutajia alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na asali ya Itigi. Samaki huja mwishoni, kama watakuja.

Ukweli ni kwamba Singida ina maji. Kitangiri liko Iramba. Eyasi linagusa Mkalama. Singidani na Kindai yako ndani ya manispaa yenyewe, mtu anaweza kutoka sokoni akayafikia kwa miguu. Ukiipima kwa tani za Mwanza au Kigoma, biashara ya samaki hapa ni ndogo. Ukiipima kwa kaya inayosomesha watoto na kununua mahindi kwa fedha ya samaki, ni kubwa. Na mara nyingi ni biashara ya watu wawili wa nyumba moja: mume yuko majini, mke yuko nchi kavu. Nakusudia kuitazama kwa jicho hilo, kwa sababu faida ya biashara hii hutengenezwa kati ya hao wawili, na hasara yake kubwa pia huanzia hapo.

Tuanze na maji, maana ndiyo mtaji wa kwanza. Maziwa haya ni mapana lakini kina chake ni kifupi. Singidani, Kindai na Eyasi hayana mto unaotoka. Maji yanayoingia huondoka kwa jua tu, chumvi na magadi hubaki. Kitangiri lina nafuu kidogo, kwa kuwa hupokea maji ya bonde la Wembere na likijaa humimina kupitia Mto Sibiti hadi Eyasi. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Msimu ukiwa mzuri, maji hutambaa kwenye nyasi za kandoni, samaki huzaliana humo, na miezi inayofuata mitumbwi hurudi imejaa. Ukiwa mbaya, ufukwe hurudi nyuma, chumvi huzidi, na Eyasi linaweza kukauka sehemu kubwa likabaki tope jeupe.

Samaki wenyewe ni perege na kambare. Yupo perege mmoja ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, mdogo wa umbo, aliyezoea maji ya chumvi na magadi ya Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Duniani hapatikani kwa asili nje ya Tanzania. Ni utajiri wa mkoa huu ambao hautangazwi popote, na ni sababu mojawapo ya kuogopa nyavu za macho madogo na makokoro. Samaki aliyeenea kwenye maziwa mengi akiisha mahali pamoja, mbegu inaweza kuletwa kutoka kwingine. Huyu akiisha hapa na kwa jirani zake wachache, ameisha.

Kwa mtu wa biashara, maana ya maji yanayopanda na kushuka ni hii: mtumbwi na nyavu hununuliwa mwaka wa neema, deni hulipwa mwaka wa ukame. Kaya inayovuka salama ni ile ambayo mapato yake hayategemei wavu peke yake. Hapo ndipo mke anapoingia, na anaingia na hesabu.

Nyavu hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Mvuvi na mwenzake wa kasia wanapoukaribia mwalo, mke huwa amekwishafika na beseni, kisu na chumvi. Kazi yake ya kwanza ni kupanga. Hufunua shavu la samaki mmoja mmoja kuangalia rangi. Shavu jekundu linakwenda kwa mchuuzi wa pikipiki anayebeba samaki wabichi. Lililoanza kufifia linakwenda kwenye kikaango. Kambare mnene hupasuliwa mgongoni, hufunguliwa kama kitabu, husuguliwa chumvi na kupelekwa kwenye moshi. Uamuzi huo hufanyika kwa muda mfupi, ufukweni, jua likianza kuchoma, na ndio unaoamua kaya itapata kiasi gani kwa usiku mzima wa kazi. Mvuvi hodari mwenye mpangaji mzembe hufunga mwezi bila kitu.

Barafu ni shida ya kudumu mbali na mji. Samaki asiyepata barafu ana saa chache tu, na mchuuzi analijua hilo. Hujikalisha pembeni, akisubiri bei ishuke yenyewe. Silaha ya mke dhidi ya mchuuzi huyo ni moto na mafuta. Mwenye uwezo wa kukaanga au kukausha palepale hana haraka ya kuuza. Katika mkoa huu mafuta ya alizeti hayatoki mbali, wakati mwingine yametoka kwenye shamba la kaya hiyohiyo, na hii ni nafuu ambayo wavuvi wa mikoa mingi hawana. Kukausha nako kuna gharama: karibu robo tatu ya uzito wa samaki ni maji, kwa hiyo beseni zito la asubuhi huwa mzigo mwepesi wa jioni. Lakini mzigo huo mwepesi unaweza kungoja siku ya mnada. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limekadiria kwamba kama theluthi moja ya samaki wote duniani hupotea au hutupwa kabla ya kuliwa. Kila anayesimama na kisu mwaloni anaipunguza theluthi hiyo, na analipwa kwa kuipunguza, alimradi ana kuni, chumvi na pa kuanikia.

Sokoni ushindani ni mkali. Sato wa Ziwa Victoria husafiri zaidi ya kilomita 400 kwa lami akafika Singida mjini, mkubwa na mwenye kuvutia macho. Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma huja kwa magunia, nao huliwa na kila nyumba. Perege wa Kitangiri hawezi kuwashinda kwa ukubwa wala kwa wingi. Anashinda kwa ukaribu: akivuliwa alfajiri, anaweza kuwa mezani jioni. Wanawake wanaofanya vizuri katika biashara hii ni wale walioshika wateja wa kudumu, mama lishe wa vituo vya barabarani, wapishi wa shule, mafundi wa migodi midogo, na kuwapelekea samaki kwa miadi ya simu. Mume huulizwa majini atavua nini. Mke huulizwa kwa simu ataleta nini. Majibu hayo mawili yasipokutana, kuna deni.

Nje ya kwetu, mume na mke kuvua pamoja kumegeuzwa mchezo wenye fedha. Marekani, kwenye maziwa ya Minnesota na Wisconsin, kuna samaki aitwaye walleye, ambaye ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota, na mengi ya mashindano ya kumvua huendeshwa kwa timu za watu wawili. Wanandoa wengi hushiriki. Timu hulipa kiingilio, huingia ziwani kwa boti moja, hurudi kwenye mzani na samaki wao wachache walio wazito kuliko wote, mara nyingi watano, na jumla ya uzito ndiyo inayoamua mshindi. Anayeendesha boti na anayevuta ndoano wote wanaandikishwa. Fomu ina majina mawili, mzani unasoma namba moja, na zawadi ni ya wote wawili. Huo ni mchezo, na Kitangiri ni riziki. Siutaji ili tuuige. Nautaja kwa sababu ya fomu ile.

Kwetu fomu ina jina moja. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake humtaka mvuvi awe na leseni, chombo kisajiliwe, na mfanyabiashara wa samaki naye akate leseni yake. Ni utaratibu mzuri kwa ziwa. Lakini katika kaya tunayoizungumzia, anayeandikwa kwenye mtumbwi ni mume, na mke anayekaanga kwa beseni mbili au tatu mara nyingi haandikwi popote. Kwenye takwimu yeye ni mama wa nyumbani. FAO, katika utafiti wake wa uvuvi mdogo, ilihesabu takriban wanawake milioni 45 duniani katika kazi hii, karibu wanne kwa kila wafanyakazi kumi, pale ilipojumlisha wanaochakata, wanaouza na wanaovua kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Wasipojumlishwa hao, uvuvi unaonekana kazi ya wanaume. Hapa nchini wanawake wa sekta hii walianzisha chama chao, TAWFA, mwaka 2019, na kuanzishwa kwake kunaonyesha jinsi walivyokaa muda mrefu bila mahali pa kuandikwa.

Kutoandikwa kuna bei, na bei hiyo huonekana kwenye mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo mke anaweza kuipata akiwa na wenzake, jambo jema kabisa. Mume aliyevuka umri wa ujana hana fungu lake. Na hao wawili kama biashara moja, yenye mtumbwi, nyavu, kikaango na wateja, hawana mlango. Wakikwama hukimbilia mahali pawili. Pa kwanza ni kwa tajiri anayekopesha nyavu kwa sharti kwamba samaki wote wauzwe kwake kwa bei aitakayo, na hapo kazi yote ya mke ya kupanga na kutafuta wateja inakufa siku hiyohiyo. Pa pili ni kwa wakopeshaji wa mtaani ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Vikoba vimewaokoa wengi, lakini akiba ya kikoba hutosha chumvi na mafuta. Wavu mpya wenye macho halali huizidi.

Bei nyingine ya kutoandikwa huja ndoa inapovunjika au mume anapofariki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake huyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa ni ya wote kwa usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa ile, lakini kanuni aliyoiacha imewasaidia wanawake wengi baada yake. Hata hivyo kuthibitisha mchango mahakamani ni safari ndefu. Mke aliyelipia nusu ya mbao za mtumbwi kwa fedha ya kikaango, bila karatasi, atalazimika kuwaita mashahidi wa mwaloni.

Nayatilia mkazo haya kwa sababu hifadhi ya maziwa inakuja, na lazima ije. Mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ni hatua ninayoiunga mkono. Maziwa yenye kina kifupi kama ya Singida yanahitaji nidhamu hiyo zaidi kuliko Tanganyika lenye kina kirefu. Ila ziwa likifungwa, kaya ya wavuvi hupoteza mishahara miwili kwa siku moja, wa mtumbwi na wa kikaango, na orodha ya waathirika iliyoandikwa kwa leseni itahesabu mmoja. Januari 2024 Serikali ilianza kutoa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo nafuu kule Mwanza. Singida nayo ina mashudu ya alizeti, ambayo ni sehemu ya chakula cha samaki wa kufuga, na wanawake wanaojua kuchakata na kuuza. Bwawa la samaki lililo karibu na nyumba, likiandikwa kwa majina mawili, lingeipa kaya kitu cha kuuza miezi ambayo ziwa limepumzika.

Kwa maofisa uvuvi wa Iramba, Mkalama na manispaa ombi langu ni dogo: mnapoandikisha mtumbwi, muulizeni mwenye nao nani anauza samaki wake, na jina hilo liandikwe kwenye daftari. Kwa ninyi mlio kwenye kazi hii, msingoje daftari hilo. Mnaponunua mtumbwi au wavu, hati ya mauziano iandikwe majina yenu yote mawili mbele ya ofisi ya kijiji. Biashara ikikua, sajilini jina la biashara BRELA mkiwa wabia, mfungue akaunti ambayo haitoi fedha bila saini zote mbili. Kifungu cha 60 kipo tangu 1971, na kinaanza kuwafanyia kazi siku ile jina la pili linapoandikwa.