Jua la Februari lilivyotudanganya mlimani

Ndugu zetu walioko nyumbani hawakosi kutuuliza: baridi ya huko mnaivumiliaje? Tarehe 25 Februari 2019 tulikosa jibu. Siku hiyo, katikati ya majira ya baridi, kituo cha Trawsgoed, magharibi mwa Wales, kilipima nyuzi joto 20.6. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuvuka nyuzi 20 katika msimu huo. Kesho yake Kew Gardens, London, ikafika 21.2. Mwaka mmoja kabla, siku kama hizo, theluji ilikuwa imefunga barabara.

Sisi wanne, waandishi tuliokimbia kwetu na kupata hifadhi Cardiff, tulikwenda kuukwea Pen y Fan, mlima wa mita 886, ulio mrefu kuliko yote kusini mwa Wales. Makoti tukayaacha ndani ya gari. Njiani tulipishana na watu waliovaa fulana, wamefunga masweta viunoni kama vile ni Julai.

Kileleni tulijuta. Kwa kawaida hewa hupoteza nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo huko hauna pa kuzuiliwa. Jua lilipoinama, mwenzetu mmoja alianza kutetemeka hadi maneno yakamkatika. Tulimkinga kwa miili yetu, tukagawana kikoi kimoja na chai iliyobaki kwenye chupa, kisha tukashuka upesi.

Mlima huu una kumbukumbu yake. Kwenye mgongo wake ipo nguzo ya mawe ya Tommy Jones, mtoto wa miaka 5 aliyepotea Agosti 1900 akielekea shambani kwa babu yake. Mwili wake ulionekana wiki kadhaa baadaye. Naye alipotea wakati wa kiangazi.

Ndani ya gari mwenzetu alipopata sauti, alisema: "Jamani, mama aliniambia kwenye simu kuwa hata mvua za kwetu siku hizi haziaminiki. Nilidhani ni uzee." Hakuna aliyecheka. Barafu ya Kilimanjaro iliyokuwapo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imetoweka kufikia 2007.

Lini tutarudi kuyaona ya kwetu, hatujui. Ila wewe msomaji, ukipanda mlima siku ya jua la ajabu, beba koti lako.